Sweta Tatu za Shiku Mdogo

Fedha, Nairobi
6 Machi 2025

Nduta wangu,

Nimezaliwa tena, na nina kilo tatu na nusu. Hivyo ndivyo nilivyotangaza kanisani Jumapili, na Mama Munene wa chama chetu cha akina mama akaniuliza kama kichwa kiko sawa. Nikamwambia, msichana wa kwanza wa Nduta alichukua jina la mama mkwe wake, mama yake Mugo, kama desturi. Huyu wa pili ni mimi mwenyewe, Shiku mtupu.

Hujambo lakini? Maziwa yanatoka? Mugo anakupikia uji, au anafundisha tu watoto wa watu? Mimi mzima, na mashine yangu ya kufuma nzima. Ndani ya kifurushi kuna sweta tatu na boshori ya kufunika kichwa na masikio, zote za uzi mzito. Mtu wa Nairobi haamini jua. Atarudi sweta ikiwa mkononi, lakini atatoka nayo. Tarehe 12 Julai mtamleta aombewe. Nimeshaalika chama chote, na hakuna mjukuu wa mtu atakayevaa kumshinda.

Mama yako,
Shiku Mkubwa


Lodwar
2 Aprili 2025

Mama mpendwa,

Salamu kutoka kwenye joto. Sisi hatujambo, sijui wewe na goti lako. Mami anakua (ndiyo, namwita Mami, na mara nyingine naogopa kumkemea).

Usikasirike. Hapa saa nne asubuhi mabati yanalia. Nilimvika ile sweta ya kijani dakika tano nimpige picha, akatoka vipele shingo nzima. Jirani akanifundisha: nikailowesha, nikauvika mtungi wa maji. Sasa mtaa mzima unakuja kunywa maji baridi kwetu.

Ila Julai hatuji. Dada yake, Tiffany, tulimleta Julai akiwa mchanga, akalazwa wiki mbili na nimonia. Siwezi tena, Mama.

Binti yako,
Nduta


Fedha
19 Aprili 2025

Nduta,

Umeuvika mtungi sweta yangu? Miaka ishirini nafuma sweta, nusu ya watoto wa Fedha wamesoma ndani ya kazi yangu. Chama kimeshashona sare. Julai ni Julai.

Goti halijambo.

Mama yako


Fedha
21 Julai 2025

Mwanangu,

Hamjambo? Najua ni miezi mitatu sijakuandikia. Tarehe 12 ilifika. Nilipika, wanawake wakaja na sare zao, wakauliza mtoto yuko wapi, nikasema yuko njiani. Nilidanganya na kijiko mkononi.

Kesho yake nikashikwa na kifua. Nimelala siku nane, sweta mbili, boshori, leso juu, na bado meno yanagongana. Mama Munene akiniletea supu akacheka: "Fundi wa sweta ameshindwa na baridi ya kwao." Nikanywa supu. Nikawaza, kama Shiku Mkubwa anatetemeka hivi, Shiku Mdogo angekuwaje? Hukukosea.

Lakini asije akanijua kwa picha tu.

Mama yako


Lodwar
10 Agosti 2025

Mama,

Pole kwa kifua. Kunywa tangawizi, na usifungue kibanda chako cha sweta mapema. Mami ameanza kukaa, anashika kila kitu kwa ngumi kama wewe sokoni. Tuambie jua likirudi huko, tutakuja shule zikifungwa mwisho wa mwaka.

Sweta ya mtungi imechakaa. Jirani anauliza kama mama yangu hufuma za mitungi.

Nduta


Fedha
8 Novemba 2025

Nduta wangu,

Hamjambo huko kwenye tanuri? Mimi mzima, hata kikohozi kimeona aibu kikaenda. Nilienda Eastleigh kwa Fadumo, yule muuza vitambaa aliyekulia Garissa. Kabla sijamaliza hadithi akanikatiza: "Mama, mtoto wa joto ni pamba. Sufu ni ya kondoo." Nimeshona gauni la pamba kwa mkono, mashine ikinitazama. Asubuhi atavaa sweta nyepesi juu yake, saa saba itoke, upepo ukianza jioni irudi. Boshori nitaiweka karibu tu. Simlazimishi.

Humu ndani kuna sweta mbili za mitungi, zina shingo na tundu la mkono. Mwambie jirani, mtungi wa ukoo wetu hautembei uchi. Hakuna aliyefuma kama hizi Kenya nzima, nimeuliza.

Mvua ikiisha jua la hapa huwa zuri, na safari hii nitatoka kulipima mlangoni mwenyewe kila asubuhi. Chama, mchungaji, mama yake Mugo, wote wameshaambiwa. Tunawangoja Jumamosi, tarehe 20 Desemba, saa nne asubuhi, jua likishapanda.

Mama yako,
Shiku Mkubwa