Orodha Niliisoma Mwenyewe

Alhamisi, jioni

Sikupaswa kuwaahidi. Jumatatu niliwaambia manesi wangu kwamba hakuna atakayefukuzwa maadamu mimi ndiye mkuu wa wodi ya uzazi. Leo mkurugenzi wa hospitali amenipa orodha ya Wakasai, wafanyakazi wenye asili ya Kasai, wanaotakiwa kufukuzwa Kolwezi. Alitaka karani awasomee manesi. Nikakataa, nikaisoma mwenyewe. Ahadi ilikuwa yangu.

Jina la kwanza lilikuwa la Mama Ngalula, aliyenifundisha kuzalisha.

"Shefu, ulisema hakuna mutu atatoka," Nesi Béatrice akaniambia mbele ya wote.

"Nilisema kitu sikukuwa na nguvu yake."

Mama Ngalula hakulia. Alivua aproni, akaikunja. "Mama wa kitanda ya ine," akasema, akionyesha kitanda cha nne, "anatoka damu mingi. Mumuangalie."

Nilimbebea godoro mpaka stesheni. Pale Wakasai wengine wamelala chini siku nyingi wakingoja treni, na watoto wanakohoa. Nikamwomba msamaha.

"Rudia ku kazi," alisema. "Bale benye kubakia banakuogopa sasa."

Sikuamini kwamba waliobaki wananiogopa. Lakini niliporudi niliwasikia manesi wakizungumza ndani ya wodi. Nikafungua mlango, wote wakanyamaza.