Levye ya Lusenge

Jumatatu, 11 Novemba 2002

Wamechukua pikipiki ya Lusenge. Mchana, watu wote wakiona! Alikuwa ameiegesha mbele ya kanisa, hapa Vulamba, na levye ya ambreyaji ameshaifungua, ule mkono wa klachi, wa kushoto. Siku hizi Butembo nzima tunafanya hivyo. Ukishuka unaifungua, unaitia mfukoni, askari wanakuta pikipiki isiyoondoka. Hawa hawakujisumbua. Waliisukuma tu hadi kambini, watu wanne.

Lusenge ni mume wa mdogo wangu Hulda. Pikipiki hiyo ndiyo inayoleta maharagwe na wagonjwa kutoka Kasugho.

Jumanne, 12 Novemba

Mafundi wote wa mji huu, na Komanda wa kambi ameileta kwangu!

"Papa fundi, ufunge levye. Siku ya ine ikuwe tayari. Noki noki!" Yaani Alhamisi, haraka.

Nikasema levye za namna hiyo hazipatikani tena, barabara zimefungwa. Nimedanganya. Levye yenyewe iko nyumbani kwa Hulda, ndani ya gunia la maharagwe. Komanda akacheka, akatoa mfukoni levye mpya ndani ya plastiki, ya Dubai. Nikaipokea.

Jumatano, 13 Novemba

Kazi asubuhi nzima. Levye hii haikutengenezwa kwa pikipiki hii. Tundu la buloni, bolti ya kuishikilia, jembamba — nikapanua. Mguu wake mnene — nikapunguza kwa tupa, kidogo kidogo, mpaka ikaingia. Kichwa cha kebo nacho kilikataa, nikakichonga. Mwisho ikakaa vizuri. Vidole viwili vinatosha kuivuta.

Nikaiangalia, hasira ikanipanda. Miaka ishirini na mbili sijatoa kazi mbaya kwenye karakana hii. Na kazi nzuri kama hii ni ya mtu aliyemwibia shemeji yangu!

Nikaifungua tena. Nikachukua msumeno wa chuma, nikaikata kwa chini, karibu na buloni, nusu ya unene wake. Mkato nikauziba kwa sabuni na masizi. Juu nikarudisha kifuniko cha mpira. Hapa mjini itashika. Lakini Komanda ana nyumba Beni, kule Mulekera, kila mtu anajua anakwenda wiki hii. Kwenye mteremko wa Maboya, akivuta na kuvuta, itakatika mkononi. Aanguke. Nimeandika hivyo na sifuti.

Alhamisi, 14 Novemba

Komanda hajui kuendesha pikipiki.

Hajui! Na nani angemuuliza komanda kitu kama hicho? Mimi sikuuliza. Amekuja saa nane, Lusenge akiwa katikati ya askari wawili.

"Mwenye hii moto, hii pikipiki, ndiye atanipeleka Beni kesho," Komanda akasema. "Miye nilijifunzaka camion tu, lori."

Lusenge akapanda, akavuta levye. "Shemeki, iko laini! Inashinda ile yangu." Ameisifu kazi yangu, maskini.

Nikasema, Komanda, niachie kidogo, kuna kitu sijakaza vizuri.

"Ulimaliza ao hapana?"

Askari wote wawili wakanitazama. Nikasema nimemaliza. Halafu nikamgeukia Lusenge, nikaanza kumwambia kwa Kinande asiivute kwa nguvu. Maneno mawili tu, kitako cha bunduki kikanipata begani. "Hapana sema kilugha hapa!" Lusenge alidhani namuaga. Akanipungia mkono.

Jioni nikaenda kambini, spana mfukoni. Wamemlaza humo Lusenge, na pikipiki iko humo. Nikasema nataka kukaza buloni moja tu, wakanifukuza getini. Ningeweza kupiga kelele. Sikupiga. Mimi ni mwoga, na leo nimejua ni mwoga kiasi gani.

Ijumaa, 15 Novemba

Wameondoka saa kumi na mbili asubuhi, wawili tu juu ya pikipiki. Sikula. Hulda amepita, akauliza kwa nini. Nikasema malaria.

Jumamosi, 16 Novemba. Maboya

Asubuhi dereva wa lori alituletea habari. Levye ilikatika mteremkoni. Komanda amepasuka kichwa, yuko hospitali Beni, hajasema neno tangu jana. Lusenge mzima — mzima! Nililia mbele ya watu. Kisha dereva akamalizia: wamemfunga kamba kwenye posti ya askari ya Maboya. Wanasema mwenye pikipiki ndiye aliyeikata levye ili amuue mkubwa wao. Leo hii watampeleka Beni. Kwa kesi kama hiyo mtu harudi.

Hulda aliingiza mkono ndani ya gunia, akatoa levye ya zamani, akaifunga kwenye kitambaa. "Yaya, kaka yangu, weye ndio fundi. Uende ubaonyeshe namna levye ya kweli inakuwaka. Ubaelezee chuma inavunjikaka yenyewe. Batakuamini." Halafu akasema, "Wasingya." Alinishukuru! Sikuweza kumtazama usoni.

Niko kwenye benchi nje ya posti. Lusenge amekaa chini, mgongo kwenye nguzo, hatua kumi kutoka hapa. Aliponiona alitabasamu. Wameniambia ningoje, ndiyo maana naandika.

Mkuu wa posti anavyo vipande viwili vya levye. Anakwangua pale ilipokatika kwa ukucha. Sabuni inatoka, nyeusi. Chini yake mkato umenyooka, hata kipofu angeugusa akajua. Lusenge anaangalia ule ukucha. Anaijua sabuni ya karakana yangu. Sasa ananiangalia mimi, na hatabasamu tena.

"Nani alifungaka hii levye?" mkuu ameuliza.

Nimefungua mdomo. Lusenge amenitangulia.

"Ni miye mwenyewe, chef. Miye peke yangu."

Wale askari wa Butembo hakuna atakayewauliza, lakini Komanda akiamka huko Beni atasema ni nani. Akiamka. Asipoamka, mimi ni mtu huru, na Hulda hana mume, na atanipikia chai na kunishukuru maisha yangu yote.

Mkuu ameingia ndani kutafuta karatasi ya kuandikia maneno ya Lusenge. Nasikia anafungua madroo. Hakuna karatasi. Ametoka, amenyoosha mkono.

"Papa, unipatie karatasi moja ya kitabu yako."

Zimebaki nne tupu, huku nyuma. Mkono wangu wa kushoto umeshika ile ya Jumatano, ile ya msumeno.