Kuhusu Mbwa Uliyemwacha Homa Bay

S.L.P. 62,
Uriri, Migori.
14 Septemba 2025.

Mpendwa mwanangu Wangwe,

Pokea salamu nyingi kutoka hapa nyumbani. Natumaini joto la Doha limepungua kidogo, na kwamba ule mgongo uliokuwa ukikusumbua sasa unakuruhusu kulala. Sisi hatujambo. Baba yako mdogo Kerosi anaendelea vizuri na dawa zake za presha, na mahindi ya shamba la chini tumeshayavuna.

Barua hii utaletewa na Liz, aliyekuwa hapa likizo na sasa anarudi huko Doha. Nimeiandika kwa sababu simu zangu huchukui, na jumbe zangu unazisoma ukanyamaza. Naandika kwa Kiswahili kwa sababu Kijaluo changu nikiwa na hasira hukifuati, na Kikuria chenu kinanishinda. Na hasira ninazo, Wangwe. Soma mpaka mwisho.

Ulipoondoka mwezi wa Februari ulituambia sote kwamba mbwa wako Kamanda umempa mtu mwema pale Homa Bay, mwenye kiwanja kikubwa. Nilikuamini. Unajua kazi yangu tangu nistaafu ualimu. Mbwa waliotupwa hapa Uriri wanaletwa kwangu, nawatibu, nakaa nao, halafu nawatafutia watu wa kuwachukua. Ungenidokezea neno moja tu, ningekuja kumchukua siku hiyo hiyo.

Mwishoni mwa Machi nilipigiwa simu na Valary, yule mama aliyepanga nyuma ya nyumba yako. Namba yangu aliipata kwa akina mama wa kanisa. Akaniambia kuna mbwa amefungwa waya nyuma ya nyumba isiyo na mtu, na kwamba yeye humtupia ugali juu ya ukuta na kumrushia maji kwa ndoo, akibahatika yanaingia kwenye sufuria. Nikamuuliza nani alikuwa akikaa pale. Akataja jina lako.

Nilifika kesho yake, mwenye nyumba akatufungulia lango. Sitakuficha nilichokiona. Waya ulikuwa umezama shingoni, nyama imevimba ikaufunika. Mbavu ungeweza kuzihesabu ukiwa umesimama langoni. Daktari wa mifugo aliukata ule waya kwa koleo huku mimi nimemshika Kamanda kichwa. Hakuniuma. Kwa maumivu yale, angeniuma nisingemlaumu.

Mwenye nyumba ndiye aliyenieleza kwamba funguo ulimwachia rafiki yako Omanga, pamoja na gunia la chakula. Gunia tulilikuta stoo. Lilikuwa limefunguliwa, lakini hata robo halijapungua.

Kamanda alikaa kwangu wiki saba. Kila asubuhi nilimwosha kidonda kwa maji ya chumvi. Mwanzoni alikuwa akisikia mnyororo wa baiskeli ya Kerosi anajificha chini ya meza ya vyombo, hata uji haumtoi. Kerosi, ambaye unajua mbwa hajawahi kuwapenda, akaanza kuiacha baiskeli barabarani na kuja nyumbani kwa miguu. Hakuniambia ni kwa nini, nami sikumuuliza.

Kumtafutia nyumba hakukuwa rahisi. Mimi simpi mtu mbwa kabla sijaona mahali atakapolala. Niliwakataa watu watatu. Mmoja wao alitaka wa kufunga kwenye machimbo ya mawe, na nilipomkatalia aliniambia kwamba mbwa kazi yake ni kufungwa. Nilimwonyesha njia.

Aliyenifaa ni Risper wa kisiwani Takawiri. Ni mjane, anaanika omena, wale dagaa wa ziwani, na kenge walikuwa wamemmalizia vifaranga. Nilivuka ziwa kwenda kuona kwake. Ana kibanda kizuri, ana kivuli, na Kiswahili chake kichache alikitumia kuniuliza maswali mengi kuliko niliyomuuliza mimi: anakula nini, anaogopa nini, amewahi kupigwa na mtoto? Nikajua amepata mbwa. Kamanda alichanjwa kichaa cha mbwa, kadi ikaandikwa jina la Risper, na mwezi wa Mei tukampeleka. Sasa amenenepa. Kenge hawakaribii.

Halafu mwezi uliopita Omanga akaja hapa kwangu, amevaa vizuri, akasema wewe umemtuma. Eti umeweka lango jipya kwenye kiwanja chako, unakuja Desemba, na unataka mbwa wako awe ameshazoea pale. Nilimwambia Kamanda hayupo na sitasema alipo. Nikakupigia, hukuchukua. Jioni ndipo ukaniandikia ule ujumbe: "Mama mdogo, hiyo ni mbwa tu. Nirudishiwe mbwa yangu."

Mbwa tu? Kama ni mbwa tu, kwa nini ulimtafuta kwenye picha nilizoweka kwenye status ya simu yangu, ukautambua ule ufuo wa Takawiri, ukamtuma mtu avuke ziwa na kamba?

Maana alivuka. Risper alinisimulia, na mwenyekiti wa ufuo akanithibitishia. Omanga alishuka kwenye boti akaenda moja kwa moja penye nyavu za omena, kamba mkononi. Kamanda alipoiona alijikojolea, Wangwe. Mbwa mzima vile. Akajipenyeza nyuma ya Risper, akatetemeka mpaka wanawake waliokuwa wakianika wakaacha kazi.

Mwenyekiti akaitwa. Omanga akatoa simu akaonyesha picha zako na Kamanda akiwa mdogo, akasema mwenye mbwa yuko ng'ambo na anamtaka. Risper akaleta kadi ya chanjo. Mwenyekiti akaisoma, akainama, akampapasa Kamanda shingoni mpaka vidole vikaingia kwenye ule mfuo wa kovu. Akauliza mbwa huyu alifungwa na nani.

Risper ndiye aliyesema. Hakupandisha sauti. "Wewe uliachiwa funguo na chakula. Ulienda mara ngapi?"

Omanga akajibu, "Mara mbili."

Hakuna aliyemtukana wala aliyemgusa. Mwenyekiti alimwambia tu kwamba boti inarudi Mbita na yuko karibu kuachwa. Aliondoka nayo.

Sasa nisikilize. Omanga nimemkasirikia, lakini yeye mbwa hakuwa wake. Wewe ulikaa wiki ngapi huko bila kuuliza Kamanda anaendeleaje? Na hata leo hujauliza. Umedai, hukuuliza. Hilo ndilo linalonichoma kuliko ule waya.

Kamanda harudi. Ukija Desemba chumba chako kipo na kuku wako yupo. Ukitaka kumwona, nitakupeleka Takawiri mwenyewe, mikono mitupu, na Risper akikataa tutarudi. Kabla ya hapo mwandikie Valary umshukuru. Mwezi mzima ugali ule aliutoa kwenye sahani za watoto wake.

Trizah dada yako anakusalimu, ameanza chuo cha ualimu. Joash amepona malaria naye anakusalimu. Kerosi anasema ujihadhari na jua.

Mama yako Susana anakusalimu sana kutoka Kehancha. Bado anawaambia watu kanisani jinsi mwanawe alivyohangaika kumtafutia mbwa wake nyumba nzuri kabla ya kusafiri. Jumapili iliyopita, nilipomtembelea, alinigeukia mbele ya watu ili nimuunge mkono. Niliangalia kitabu cha nyimbo. Sijamwambia, na sitamwambia. Utamwambia wewe.

Mungu akulinde kazini, na akulainishe moyo.

Ni mimi mama yako mdogo, ninayekupenda hata leo nilivyokasirika,

Orpah