Papa, Walinunua Atelye ili Wazime Tanuru

Papa,

Nimekukasirikia. Ninaanza na hilo kwa sababu tangu tukuzike kila mutu hapa Nchelenge ananiambia nikulilie kwa upole, na mimi upole sina.

Atelye yako, ile karakana uliyoijenga, imekufa. Ukuta upo. Jina lako lipo juu ya mulango, wamelipaka hata rangi mpya. Lakini ndani hakuna moto. Pale ulipokuwa unayeyusha pistoni za zamani na kumimina propela za injini za mitumbwi, sasa kuna rafu za maboksi.

Unakumbuka walivyokuja? Wewe kitandani, kifua kinakubana. Ba Manejala wa kile kikundi cha makampuni cha Ndola alikaa nyumbani kwetu, akala ugali wa bukari na dagaa wa chisense, akasifu kila kitu. Walikuwa wameshanunua kiwanda cha barafu, na karakana ya yule mutu wa pampu wa Mansa. Akaeleza kwamba hawatafuti kampuni kubwa. Wanatafuta ndogo, inayofanya kitu kimoja ambacho hakuna mwingine anakifanya, na wakikusanya nyingi za namna hiyo wanakuwa wakubwa bila kelele. Ulifurahi, Papa! Ulimwangalia kama mutu uliyekuwa unamungoja maisha yako yote. Alipoondoka nilikuomba usiuze. Ukaniambia, "Mutoto wangu, nikikufa nani atachunga hii batu ya kazi? Bale ba Ndola beko na nguvu. Na jina itabakia."

Jina limebaki. Hapo hawakudanganya.

Sitasema kila walichogusa kimeharibika. Kiwanda cha barafu kinafanya kazi vizuri kuliko zamani, samaki wanafika Mansa bila harufu. Hilo ndilo linaloniuma, maana linaonyesha kwamba wakitaka wanaweza. Kwetu hawakutaka. Kilio chako hakijaisha, lori lao likaja kuchukua zile forma za mbao za propela ulizochonga mwenyewe. Wakavunja tanuru kwa nyundo. Mwape, aliyekufanyia kazi tangu ulipovuka Ziwa Mweru kutoka Kilwa ya Kongo, aliachishwa kazi palepale barabarani pamoja na wenzake, kwa asante tu. Mimi waliniweka dukani niuze, kwa sababu ni binti yako na watu wa ziwa wananijua.

Propela zikaanza kuja kutoka Ndola ndani ya maboksi. Nyembamba. Zako zilikuwa fupi, pana, na nene kwenye ncha, kwa sababu ya majani na matope ya upande wa Chisenga. Ulikuwa unasema muzungu aliyetengeneza ile injini hajawahi kukwama kwenye mafunjo. Nilimuonyesha Ba Manejala tofauti. Akaitikia kwa kichwa, kwa adabu, akaondoka.

Halafu Mama Ngalula. Unamukumbuka, yule mufanyabiashara wa samaki aliyekuwa anakuletea sigara ukiwa umekatazwa. Alinunua moja kwangu. Alikuwa anarudi kutoka Chisenga, mutumbwi umejaa samaki na watu, upepo ukaamka, bawa moja la propela likakatika. Waliyumba hadi asubuhi, wanachota maji kwa sufuria. Samaki wote waliwatupa ziwani ili wasizame. Wavuvi wa Chienge ndio waliowavuta.

Hakuja kupiga kelele. Aliingia dukani, kanga bado mbichi, akaweka ile propela iliyovunjika juu ya meza mbele ya wateja. "Iko jina ya baba yako hapa," akasema. "Soma."

Nilisoma, Papa. Wameligonga jina lako kwenye chuma kile. Nilisoma kwa sauti, kwa sababu alinisimamia mpaka nikasoma.

Niliibeba mpaka ofisini, kwenye biro yao. Ba Manejala akasema siku hizi kiwanda kimoja kinatengeneza za Mweru, za Kariba na za Tanganyika, ndiyo faida ya kuwa kikundi. "Ziwa ni ziwa," akasema. Nikamwambia basi afute jina la baba yangu. Akacheka, si kwa ubaya, alicheka kama mutu anayemufundisha mutoto. Akasema jina ndilo walilonunua, vile vingine vilikuwa chuma chakavu.

Kwa hiyo walikusifia tanuru, wakakusifia mikono, kumbe wanahesabu herufi. Na wewe ukawapa! Ningekuwa na wewe mbele yangu siku ile ningekupigia kelele kitandani kwako, mugonjwa au si mugonjwa.

Niliacha funguo zao juu ya meza. Nikamutafuta Mwape, tukachimba tanuru nyuma ya nyumba yangu Kashikishi. Forma hatuna, lakini propela zako za zamani bado zinazunguka ziwa zima. Muvuvi mumoja alitukopesha yake, tukaikandamiza kwenye muchanga, tukamimina juu ya alama yake. Ya kwanza ilitoka na matundu kama mukate. Mwape akatukana kama wewe. Tuliirudisha motoni, tena na tena, mpaka ikatoka moja isiyotia aibu. Mama Ngalula akasema ataifunga yeye kwanza. Nilikaa ufukweni mpaka niliposikia injini yake inarudi.

Jina lako siwezi kuandika, wangenipeleka kortini. Nimeandika la Mama, muke wako.

Juzi Ba Manejala alikuja na pikapu yake. Akaketi, akaomba maji, akasema kikundi kinapenda kazi ndogo kama yangu, na jina la Mama ni zuri, litabaki. Nilimuachia amalize maji. Halafu nilisimama, nikachukua kikombe mukononi mwake, nikamuonyesha barabara. Mwape alicheka mpaka akakohoa. Mimi sikucheka. Niliosha kile kikombe.

Papa, najua uliogopa kutuacha bila kitu. Najua. Bado nina hasira, na sitaki kukudanganya wewe uliye chini ya udongo. Mvua zikiisha nitakuja kung'oa majani kwenye kaburi lako, na pengine hapo nitalia kama wanavyotaka.

Ninakuahidi hili: sitauza. Na nikianguka kitandani kama wewe, mutu yeyote akija na maneno matamu, atayasema mbele ya Mwape na Mama Ngalula, na wao ndio watamujibu.

Pumzika basi, muzee wangu mubishi. Kesho tunamimina.

Binti yako,
Mado