Mwandiko muzuri ya Elsa

Adèle, uko? Acha ile unafanya, soma kwanza.

Leo matanga ya papa imeisha. Dada Elsa akaleta testament, ile karatashi ya urithi, mbele ya famille yote. Unaijua: nyumba ya Rughenda inabakia mama Kahongya, na pale chini papa alitia signature.

Papa mudogo Syauswa akasoma. Halafu akauliza batu: « Huu mwandiko munaujua? »

Nani hawezi kuujua, Adèle? Nusu ya bale batu, ni Elsa alibafundisha kuandika kule ku masomo ya primaire. Bakaangaliana. Mutu moja akasema pole pole: « Ni ya Madame Elsa. »

Ni ya Madame Elsa. Na bale batu banamupendaka.

 Elsa akaeleza kama papa ndiye alisema kila neno, yeye aliandika tu, juu mukono ya papa ilikuwa inatetemeka. Avocat, mutu wa sheria mwenye alikuwa pale, akatosha lunettes ya macho: « Mama, testament ya mukono, mwenyewe anapashwa kuiandika yote. Signature peke haitoshe. »

Papa mudogo amesema donc nyumba itagawanywa. 

Mais haiko ile inamumaliza Elsa. Sasa hivi eko jikoni na Biblia ya papa. Ndani amekuta karatashi ya mukono ya papa mwenyewe, herufi zote zimepinda: « Mimi Kitsa, nyumba yangu ya Rughenda ni ya bibi yangu Kaho »

Inaishia pale. Ni pale Elsa alimunyanganya kalamu ya bic. Alimuambia: « Lete, papa, unaandika mubaya. »