Magunia Tuliyoyatoa Dampo

MAELEZO YA SHAHIDI
Yamechukuliwa kituoni, Jumatano tarehe 15, asubuhi.

Jina: Mama Vifungo. Afande amekubali liandikwe hilo, maana mtaani hakuna anayelijua lingine.
Umri: miaka 47
Kazi: fundi cherehani
Makazi: mtaa wa nyuma ya soko, nyumba ya tatu kutoka bombani

Nimeonywa niseme kweli. Sikuhitaji kuonywa.

Mtuhumiwa ni shemeji yangu, mdogo wa marehemu mume wangu. Ana karakana uani kwangu. Anayeyusha plastiki, anaichanganya na mchanga, anatoa vigae vya kutandaza njiani. Njia ya kwenda zahanati, ambako wajawazito walikuwa wakivushwa matope kwa kushikwa mikono, ameitandaza yeye.

Mwaka jana kampuni ya taka ilikuja mtaani na kipaza sauti. Tuliambiwa tutenganishe: plastiki gunia lake, karatasi gunia lake, mabaki ya jikoni ndoo yake. Mimi ndiye niliyezunguka nyumba kwa nyumba kuwasihi majirani, mpaka wakanibatiza Waziri wa Taka. Niliwashonea magunia, nikawapa vipande vya vitambaa vinavyobaki cherehani wayafungie. Chupa tuliziosha kwa maji tuliyoyabeba kichwani.

Shemeji alimwendea msimamizi wa kampuni mara kadhaa kuomba plastiki hiyo. Mara ya mwisho tulikwenda wote wawili. Msimamizi alisema, "Plastiki haina soko."

Shemeji akamwambia, "Soko si mimi hapa, bosi? Nikipata ya kutosha, naajiri na watu."

Yule bwana akacheka. "Hatufanyi biashara na karakana za uani."

Mnamo Jumanne tarehe 14, kama saa nne asubuhi, shemeji alinipigia simu. Alikuwa anapita dampo akitoka kuchukua mchanga. Alisema, "Shemeji, acha cherehani. Njoo ujionee mwenyewe."

Nilichukua pikipiki. Nilikuta lori la kampuni, bado limebeba magunia yetu ya asubuhi ile, limerudi nyuma mpaka ukingoni mwa shimo. Mle shimoni niliona magunia yetu ya wiki iliyopita, vitambaa vyangu vikiwa bado vimefungwa, yamelaliwa na matumbo ya machinjioni. Karatasi, chupa, maganda, vyote shimo moja. Nililia kidogo. Hilo si lazima uliandike, afande. Haya, liandike.

Nilimwuliza dereva kama kila wiki ni hivi. Alisema, "Mama, mimi naambiwa mwaga, namwaga. Tangu mwanzo ni hivi hivi."

Nikamwambia, "Basi ya leo nayashusha."

Alizima injini, akatazama pembeni, akasema anakwenda kuvuta sigara. Hakuna mtu aliyemgusa. Anayesema dereva alipigwa hakuwepo.

Nilipanda juu ya lori mimi mwenyewe, na gauni hili hili. Shemeji alikuwa chini akisema, "Shemeji, shuka, watatufunga." Nikamwambia, "Wewe pokea." Nikawa narusha, yeye anapokea. Na yale ya shimoni tuliyoyafikia, tuliyatoa. Tuliyapakia kwenye mkokoteni, tukapita nayo barabara kuu mchana kweupe. Mimi nilitangulia mbele. Mwizi gani anatembea hivyo?

Jioni msimamizi alifika uani na askari wawili. Wakabeba magunia kuwa vielelezo, na mtu wakamchukua shemeji peke yake, eti ameiba mali ya kampuni na kumpiga dereva. Nilijitaja palepale. Msimamizi akasema, "Mama, hili halikuhusu." Linanihusu. Magunia nimeshona mimi, chupa nimeosha mimi, lori nimepanda mimi.

Leo afande ameniambia nikisema haya naweza kugeuka mtuhumiwa, na kwamba ingetosha niseme sikuona vizuri. Niliona vizuri. Mimi natunga uzi kwenye sindano bila miwani.

Msimamizi alikuwa amekaa humu ofisini. Nimemwuliza mbele ya afande: kama ni mali, mlikuwa mnaifukia ya nini? Na kama ni taka, shemeji yangu kaiba nini? Akaniambia nisilete siasa. Nikamwambia Jumanne ijayo mtaa wetu hautampa gunia hata moja. Yote yatakwenda uani, na akitaka kutukamata, aje na lori kubwa zaidi, maana tuko wengi.

Hayo ndiyo niliyoyaona na niliyoyatenda. Nimesomewa, na sifuti hata nukta.

Sahihi: Mama Vifungo

Maelezo ya afisa: Nimeyaandika kama alivyoyatamka. Nimemshauri mara mbili aondoe sehemu ya kupanda lori, amekataa. Dereva amehojiwa mchana huu na kusema hakupigwa na mtu yeyote. Mlalamikaji ametakiwa ataje mali iliyoibwa na matumizi yake katika kampuni. Ameomba muda, kisha ameondoka na hajarudi. Mtuhumiwa ameachiwa. Shahidi ameambiwa naye aende nyumbani. Amesema haondoki bila magunia yaliyoletwa hapa kama vielelezo. Hadi naandika haya, yeye na shemeji yake wamekaa kwenye benchi la mapokezi, na majirani zao wanaendelea kuingia.