Chujio Nililolificha Chumbani

Mpendwa mshauri, naomba unisaidie kuchagua, na ukishanisaidia unigombeze ukitaka.

Mimi ni katibu wa kamati ya maji kijijini kwetu, Bunda vijijini, na ndimi niliyepita nyumba kwa nyumba kuwashawishi watu waache maji ya ziwa wachote ya kisima kirefu, na kweli kuhara kulipungua, lakini tarehe 11 Machi, nimeiandika kwenye shajara yangu, majibu ya maabara yalisema kisima kina floraidi kupita kiasi, madini yanayotia meno ya watoto ukahawia na yakizidi yanadhuru mifupa, na mwenyekiti wetu mzee Makongoro akasema, "Fungia kabatini, wakisikia watarudi ziwani, tutazika," nami nikafungia. Tarehe 19 nikanunua chujio la ndoo mbili lenye mshumaa wa udongo wa kuchujia, nikalificha chumbani kwa ajili ya wanangu, wageni nawapa ya mtungi, ya kisima yasiyochujwa. Juzi jirani yangu Ghati alimwona mwanangu akitoka na kikombe, akacheka, "Katibu, mnakunywaga maji gani huko chumbani, yana sukari?" Mtoto wake wa mwaka mmoja alikuwa mgongoni, akalilia maji, nikampa ya mtungi huku nacheka. Je, mshumaa unatosha, au ninunue chujio la mkaa wa mifupa?

Wegesa

Wegesa, nianze na ulichouliza. Mshumaa wa udongo unazuia vijidudu na tope, floraidi inapita. Kuchemsha nako hakuiondoi. Chujio umelificha bure: wanao wanakunywa madini yaleyale anayokunywa mtoto wa Ghati. Mkaa wa mifupa huipunguza, lakini huchoka; nunua kwa fundi anayepima maji kabla na baada, na anayerudi kubadilisha mkaa. Mvua ikinyesha, kinga maji ya bati safi, yachemshe, yawe ya kunywa na kupikia. Ya kisima yabaki ya kufua na kuoga.

Sasa usichouliza. Hofu ya mwenyekiti naielewa, kipindupindu kinaua upesi. Lakini watu wako waliacha ziwa kwa sababu uliwaeleza. Waeleze tena, na watakaorudi ziwani wachemshe maji.

Kesho nenda kwa Ghati kwanza. Usibebe zawadi. Mwambie tarehe zote mbili. Akikutukana, kaa umsikilize. Kisha mpe Makongoro siku tatu aitishe mkutano. Asipoitisha, peleka nakala ya majibu ya maabara kwa mtendaji wa kijiji na kwa watu wa maji wilayani, uisome mwenyewe mbele ya watu. Huenda ukavuliwa ukatibu. Meno ya kudumu ya mtoto yule yanajengeka sasa hivi, ndani ya fizi, na kila siku unayokaa kimya anakunywa.